Bunduki Tuliyoiita Kidosho

Ijumaa ile ya Hounslow, mwanangu, ninaiona mpaka leo. Babu yako Hemedi amekaa kantini, anakoroga chai na kucheka, na hajui kwamba mzaha alioutoa punde hivi unataka kumfukuzisha kazi.

Ninakuandikia kwa sababu mama yako amenipigia simu. Ameniambia leseni yako ya bunduki imetoka, na wiki hiyohiyo umepata kazi kwenye ghala kule uwanja wa ndege. Mambo mawili ya heri kwa mpigo mmoja. Nimefurahi, nisikufiche. Wapo mabibi wengi hapa London ambao wakisikia mjukuu ana bunduki watajifunga kitambaa kichwani na kulalia kitanda. Mimi simo. Nimekula njiwa wa bunduki miaka na miaka na mifupa yangu unaiona ilivyo. Lakini mama yako akaendelea. Akasema unataka Ijumaa utoke kazini upitilize moja kwa moja hadi shamba, bunduki ikiwa garini, na alipokuuliza ukamjibu kwa Kiingereza chako kizuri kwamba sheria inakuruhusu. Hapo nikakaa kitako. Maneno hayo nimeshayasikia kwa mdomo wa babu yako, kwa Kiingereza kibovu zaidi.

Mimi skuli sikukaa sana, kwa hiyo mwandiko wangu utauvumilia. Ninayoyasema hayataki skuli.

Babu yako alizaliwa shamba, Unguja. Baba yake alikuwa na gobori, bunduki ya kizamani ya kufukuzia kima kwenye migomba, na Hemedi alilijua gobori lile kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Baada ya Mapinduzi lilichukuliwa, likaenda zake, na mzee akabaki kuwatupia kima mawe mpaka akachoka. Sisi tukaishia huku. Tukapata kazi kwenye kiwanda cha kufulia mablanketi ya ndege, Hounslow, karibu na uwanja wa ndege, yeye kwenye boila ya kuchemshia maji, mimi kwenye kukunja. Ukitaka kujua binadamu anavyolala mdomo wazi angani, kunja mablanketi yake.

Hemedi hakuwa mtu wa baa, hakuwa mtu wa karata. Alikuwa na hamu moja tu. Mkulima mmoja wa Kent, nje ya London, alikuwa analiwa njegere zake na njiwa wa porini, akawa anawakaribisha watu wenye leseni waje wawapige. Babu yako akaomba leseni. Polisi akaja nyumbani kulikagua kabati la chuma, akatikisa kufuli, akatuuliza maswali ya kila namna, mwisho akala visheti vyangu akaondoka na vingine mfukoni. Leseni ikatoka. Akanunua bunduki ya mitutu miwili, kuukuu lakini inang'aa, na akaipenda mpaka nikawa ninamwuliza nani aliyemzalia watoto, mimi au bunduki.

Sasa sikiliza jambo hili, maana hadithi yote imesimama hapa. Neno bunduki kwa watu wetu wa rika lile halikuwa neno la kawaida. Ukilitaja mbele ya mtu aliyetoka Unguja miaka ile, mtu anaweka kikombe chini. Mashoga zangu wawili waliacha kuja nyumbani tangu waliposikia. Basi Hemedi akabuni dawa yake. Akaipa bunduki jina, akaiita Kidosho, kama mtoto wa kike mzuri mzuri. Leo ninamsafisha Kidosho. Kidosho hajambo. Kesho ninampeleka Kidosho shamba. Tukazoea, tukawa tunaona tumefanya la maana.

Ijumaa hiyo alitaka kuwahi Kent kabla jua halijazama. Akaitia bunduki kwenye mkoba wake wa ngozi, akaufunga, akaulaza ndani ya buti ya gari, kule nyuma kwa mizigo, akaufunika blanketi letu la nyumbani, akafunga buti kwa ufunguo, akaenda nayo kazini. Nilimwuliza kama inafaa. Akanijibu, leseni ninayo. Nikapanda gari. Siku tunaajiriwa tulisomewa masharti ya kiwanda, na mojawapo lilisema silaha isiingie uwanja wa kiwanda tunapoegesha magari, ya aina yoyote, iwe imefungwa iwe haikufungwa. Na sisi wote, mstari mzima, tulijibu yesi, yesi, kama watu wanaoitikia dua.

Saa ya chai akaja mezani petu kantini Chiku, rafiki yangu wa Mombasa, aliyekuwa kwenye mashine za kukaushia. Yeye siri ya Kidosho aliijua.

"Shemeji, mbona leo unatazama saa kama bwana harusi?"

"Kidosho yuko garini. Nimemlaza kwenye buti, nimemfunika blanketi, nimemwambia atulie mpaka nitoke."

"Na akilia je?"

"Akilia, Hounslow nzima itasikia."

Tukacheka. Meza ya nyuma yetu alikuwa amekaa Bi Kamla, msimamizi wetu wa kukunja, Mhindi wa Mji Mkongwe, mtu mzima wa makamo ya dada yangu mkubwa, anakula chapati zake na achari. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Tulijua anatusikia, hatukuwa na la kumficha; Bi Kamla alikuwa wetu. Ila jina la Kidosho hakuwahi kuambiwa ni la nini.

Akainuka. Chapati akaiacha imemegwa. Hakututazama. Kidogo tu, nikamwona dirishani anakimbia uwanjani na sari yake, koti la kazi limemtoka begani, na meneja nyuma yake anauliza kuna nini. Bi Kamla, ambaye hata kengele ya moto ikilia alikuwa akitembea.

Tulipofika alikuwa ameinamia gari letu, anapiga buti kwa viganja viwili na kusema kwa Kiswahili, "Tulia mwanangu, tulia, nakuja, nakuja."

Hemedi akawa anacheka. Anacheka, wallahi, huku anatafuta funguo. "Bi Kamla, si mtoto huyo." Hakumsikia. Meneja akapiga kelele buti ifunguliwe. Ikafunguliwa, blanketi likavutwa, mkoba wa ngozi ukaonekana, mrefu. Yule meneja, Mwingereza, hakuhitaji kuuliza ndani mna nini. Akarudi nyuma hatua. Na Bi Kamla akakaa chini, juu ya maji ya mvua.

Polisi wakaitwa. Wakaisoma leseni, wakafungua mkoba, wakaona bunduki haina risasi na risasi haziko nayo, wakasema wao hawana kesi. Hemedi akavimba kichwa palepale. Akampelekea meneja leseni mpaka puani. "Umeona? Sheria inaniruhusu."

Meneja akamjibu taratibu, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema leseni inampa ruhusa ya kuwa na bunduki, haimpi ruhusa ya uwanja wa mtu. Aende nyumbani, arudi Jumatatu, ataambiwa kama bado ana kazi. Nilikuwa na mama yako tumboni, mwanangu. Kodi ya nyumba ilikuwa inategemea boila ile.

Mimi hasira zangu unazijua. Nikamfuata Bi Kamla kwenye chumba cha kubadilishia nguo, amejifunga taulo miguuni, anatetemeka. Nikamwambia, "Umemchongea mume wangu."

"Zuwena, kaa."

"Sikai."

"Kaa. Sina nguvu ya kukutazama umesimama."

Nikakaa. Akanieleza kwa sauti ndogo, kama anasoma kitu cha mtu mwingine. Wakati wa Mapinduzi alikuwa msichana. Watu wenye bunduki walipogonga mlango wao, mama yake alimlaza mdogo wake Bi Kamla ndani ya kasha, akamfunika shuka, akamwambia atulie. Watu wakaja, wakapekua, wakaondoka. Kasha likakataa kufunguka. Komeo limeganda, na ndani hakusikiki kitu, na yeye anapiga kifuniko kwa viganja na kusema tulia, nakuja.

"Alikufa?" nikauliza.

"Komeo lilivunjwa. Yuko Stanmore, hapahapa London. Ana duka la vitambaa na ana kisukari."

Nilitaka kucheka na kulia, vyote vikakataa. Akanishika mkono. "Mume wako kuwa na bunduki si kosa, na mimi sitamsema kwa hilo. Lakini ameiita mtoto, akaileta mahali ambapo watu wanakunywa chai. Mnaficha neno, mnadhani mmeficha hofu. Hofu mmeiacha palepale, mimi nikaikanyaga." Kisha akaukaza ule mkono. "Na Jumatatu asije na leseni yake. Leseni ni ya kumwonesha polisi. Meneja anataka kujua kitu kimoja, kama watu wake watafanya kazi roho zao zimetulia. Aje na jibu la hilo. Kama hana, abaki nyumbani."

Nikamkaza lile taulo miguuni, nikarudi kukunja.

Jumamosi na Jumapili nikapigana na babu yako. Anazunguka jikoni na kusema, mimi si mhalifu, mimi si mhalifu. Nikamwambia hakuna aliyekuita mhalifu, umeitwa baba anayefungia mtoto kwenye buti, na maneno hayo umeyatoa mwenyewe. Nikamsimulia habari ya kasha. Akaacha kuzunguka. Akaenda akakaa ngazini mpaka wali ukapoa.

Jumatatu bunduki ikabaki kabatini, na leseni ikabaki nayo. Hemedi hakwenda ofisini kwanza. Alikwenda kwenye meza ya kukunja, mbele ya wanawake wote, akasimama mbele ya Bi Kamla mikono imeshikana.

"Bi Kamla, niwie radhi. Kitu kile ni bunduki. Nilikwepa kuitaja, nikakutia hofu isiyokuwa yako."

Bi Kamla akamaliza kukunja blanketi lililokuwa mkononi. "Nimesikia. Sasa nenda kamwambie mwenye uwanja. Na usicheke."

Akaenda, akamwambia. Alinihadithia baadaye kwamba meneja alimwuliza kwa nini bunduki aliipa jina la kike, na yeye Kiingereza kikamwishia, akasema tu, watu wa kwetu wanaogopa neno lake. Halafu meneja akamwambia sharti liko palepale: ikionekana tena uwanjani, ya mwenye leseni au ya nani, hana kazi. Lakini kama Ijumaa anataka kwenda Kent, kwa nini asiombe kutoka mapema, apite nyumbani kuichukua? Mwanangu, jambo lenyewe lilikuwa dogo namna hiyo. Ruhusa ilikuwa ofisini siku zote, inangoja kuombwa.

Usidhani watu walisahau siku ile ile. Wako waliohama meza wakimwona. Fundi mmoja wa mashine akawa anamwita kauboi, akipita anainua mikono juu kama anaporwa. Mimi nilitaka kummwagia chai. Hemedi akanikataza. Aliyemwuliza kwa uungwana alimjibu kwa urefu: kabati, kufuli, njegere, njiwa. Aliyemdhihaki alimwachia mdomo wake. Na asiyetaka kusikia habari za bunduki, babu yako hakumsikilizisha. Hilo la mwisho lilimpa taabu, maana alikuwa mtu wa kusimulia.

Njiwa nao wakasaidia. Nilianza kuwapika kwa nazi na ndimu na kuwapeleka kantini, na yule fundi wa kauboi ndiye aliyekuwa wa kwanza kufuta bakuli kwa mkate. Bi Kamla nyama hali, yeye nilimpelekea kachori za mbatata. Mwaka mwingine kabisa, tunakunja, akaniuliza ghafla, huyo njiwa anapigwaje asisambaratike? Nikamwambia amwulize mwenyewe. Akamwuliza, wakakaa saa nzima ya chakula wakizungumza. Hemedi akabaki kwenye boila zile mpaka akastaafu, na siku ya kumuaga, keki aliileta Bi Kamla.

Basi mwanangu, nisikie. Kuwa na bunduki kwa haki yako ni heshima, usiione haya na usiifanyie maringo. Lakini sheria ya nchi na sharti la kazi ni milango miwili, na ufunguo wa mmoja haufungui mwingine. Kabla ya Ijumaa nenda kwa mkubwa wako, uliza sharti lao ni lipi, uliza kwa lugha iliyonyooka, na ukiambiwa hapana ujue ni hapana, hata kama imefungwa, hata kama iko chini ya blanketi. Kule uwanja wa ndege wanampekua mtu mpaka mkanda, unadhani wataionea huruma buti yako? Toka kazini, rudi nyumbani, ichukue, uende shamba. Njiwa wa Kent hawana haraka. Na bunduki uite bunduki, kwa anayehitaji kujua, wala usiifanyie mzaha mahali watu wanapotafuta riziki. Akitokea mtu anayeiogopa, usimtolee karatasi. Hujui alikotoka, na pengine hawezi kukwambia. Mpe nafasi, mpe salamu, siku moja huenda akakuuliza mwenyewe.

Mwenyezi Mungu akuwekee kazi yako, akupe jicho kali na ulimi laini. Akupe wakubwa wa haki na wenzako wa kweli. Na akukinge, mjukuu wangu, na siku ambayo mtu asiye na kosa atatetemeka kwa sababu yako.