Nukta za Kisimani

Ofisini wanamwita mke wangu Nukta, na jina hilo nalipenda kuliko lile nililomwoa nalo. Yuko idara ya jiolojia, chumba cha mwisho kwenye korido, chenye feni inayozunguka pale inapojisikia. Watu wanamfuata na flashi mkononi, macho yamewatoka. "Dada, nifungulie dhahabu." Anawavutia kiti, anafungua programu ya ramani, anaita tabaka la barabara, la mito, kisha la sampuli za madini zilizookotwa tangu enzi hizo. Nukta zinamwagika kwenye kioo kama ufuta, na mteja anaanza kutokwa jasho.

"Tulia, kaka," anamwambia. "Nukta si dhahabu. Nukta ni mahali mtu aliinama akaokota jiwe. Bonyeza uone alipata nini."

Mtu anabonyeza, jedwali linafunguka, anakuta "hakuna". Wengine huondoka wamenuna, kana kwamba yeye ndiye kayafungia madini kwenye droo. Mimi ni fundi simu na uvumilivu huo sina, mteja akinisumbua namrudishia simu yake na kava lake. Nukta sijasikia hata siku moja amempandishia mteja sauti. Kelele zake anazihifadhi azilete nyumbani.

Basi mkuu wa idara akamwagiza ramani ya kuonyesha wapi pachimbwe kwa majaribio. Nukta akakusanya sampuli zote za zamani zilizowahi kuonyesha walau chembe ya dhahabu, akaiagiza programu ipake rangi: penye nukta nyingi pawe pekundu. Likatokea doa moja nono, mahali ambapo hata barabara inafika kwa kujilazimisha. Mkuu akafurahi, akampigia simu mwenyekiti wa kijiji kumweka tayari. Nukta alipokuja kuweka picha ya angani chini ya lile doa na kulivuta karibu, akaona kisima. Kando ya kisima akaona kuta za jiko jipya, halijaezekwa. Jiko la mama yake.

Na lilibaki hivyo hivyo, maana fundi aliposikia wachimbaji wanakuja, alikusanya vyombo vyake akaenda zake. Mama mkwe akapiga simu. "Mwanangu, ni kweli mnatuhamisha? Mimi nimezaliwa hapa. Niende wapi na uzee huu?"

Nukta alilia, sikufichi. Halafu akanawa uso, akaweka kompyuta kwenye meza ya chakula.

"Lifute hilo doa," nikamwambia.

"Nikifuta tu, watasema namkingia mama kifua. Ramani nimeichora mwenyewe."

Akaanza kubonyeza nukta moja moja. Dhahabu ilikuwa kiduchu, kama kwingine kote. Ila kwingine mtafiti alipita mara moja tu, na pale kisimani alirudi mara kwa mara mwaka mzima. Alikuwa akitafuta nini? Mwenyewe alishafariki. Aliyebaki ni dereva wake, na dereva wake ni baba mkwe wangu.

Hapa lazima nikupe hadithi ya familia, ambayo mama mkwe haachi kuisimulia kwenye harusi, uombwe usiombwe. Lile gari la watafiti, anasema, lilikuwa likifika kisimani kwao tu, linazimika. Dereva anaomba maji ya radieta, binti wa pale anamletea. Safari nyingine, linazimika tena. "Mungu ndiye aliyelizima," humalizia, na ukumbi mzima unapiga makofi.

Jumapili tukaenda. Nukta akamwonyesha baba yake lile doa, akamweleza kwamba kijiji kitachimbwa kwa sababu ya nukta hizi. Mzee akakohoa.

"Gari lilikuwa bovu," akasema. "Na yule mtafiti, Bwana Miamba, hakuwa mtu wa kukaa bure. Nikiwa chini ya boneti, yeye anaokota vijiwe."

"Baba, mbona linaharibika hapa tu?"

Mzee akamtazama mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia. Nilimwonea huruma. Nilijua anachokiogopa: hadithi yenyewe ndiyo fahari ya mama mkwe.

"Gari lilikuwa zima," akasema mwishowe, taratibu. "Nilikuwa nachomoa waya mmoja, nautia mfukoni. Maongezi yakiisha, naurudisha."

Mimi nikaangalia dari. Mkwe ana mipaka yake.

Mama mkwe akaweka sinia mezani. "Miaka yote hii namsingizia Mungu?"

"Nisamehe, mama watoto. Ulikuwa ukiisimulia vizuri mno."

Mama mkwe akaenda kwenye jiko lake la zamani, akakaa huko hadi tunaaga.

Kesho yake baba mkwe akavaa koti, akaja ofisini, akarudia maneno yale mbele ya mkuu wa idara. Mkuu alicheka hadi akavua miwani, kisha akaagiza sampuli zote za pale kisimani zihesabiwe kama moja. Nukta akaipa programu agizo hilo. Wekundu ukafifia, ukaisha, na mwenyekiti akapigiwa simu kwamba hakuna anayekuja kuchimba.

Jiko lilipoezekwa tulikwenda kula. Nukta alimpelekea mama yake ramani mbili zilizochapishwa, ya zamani na mpya, ili aone kwa macho yake kwamba wamepona. Mama mkwe akaipitisha ile mpya harakaharaka. Ya zamani akaitandaza mapajani, akaweka kidole kwenye doa.

"Kila nukta hapa ni siku gari liliposimama?"

"Ndiyo, Mama," akajibu Nukta.

Mama mkwe akamgeukia mumewe. "Na zote hizi ulikuwa unanifuata mimi?"

"Siku moja moja nilikuwa na shida ya maji kweli," akasema mzee.

Akamchapa begani kwa kitambaa cha mkononi, tukacheka wote. Kisha akamrudishia Nukta ile ramani mpya.

"Hii kaeni nayo huko ofisini," akasema. "Mkwe wangu, nitafutie msumari. Nyekundu inabaki hapa."