Pamba ya baba mkwe inazima laptop yangu, na sasa naambiwa nikihama nayo nihame na nguo

Admin, naomba unifichie jina, maana mawifi zangu wanaufuata huu ukurasa na wanasoma mpaka komenti.

Nina miaka 31, nimeolewa, nina watoto wawili. Tunaishi kwa baba mkwe, nje kidogo ya mji wa Bariadi. Mimi nahariri video za harusi na send-off. Hakuna aliyenipeleka chuo. Nilianza kwa kupiga picha za pasipoti kwa simu, nikajifunza mwenyewe usiku na mchana mpaka nikanunua laptop yenye kadi ya grafiki ya kubeba video nzito. Baba mkwe akanipa chumba kidogo cha mbele, chenye soketi, nifanyie kazi. Kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Msimu huu wa pamba laptop ikaanza kuzima. Ukiandika barua, haizimi. Ukiangalia video, haizimi. Ukianza kurenda, yaani kuunganisha video nzima na rangi zake itoke faili moja, dakika ya kumi na moja kioo cheusi, kazi yote imepotea. Nikapiga windows upya. Nikabadilisha driver za kadi mara tatu. Ikazima. Nikaipeleka kwa fundi mjini, akaifungua, akaweka RAM nyingine, akaipuliza. Pale kwake video yangu ya majaribio ikarenda dakika 48 mpaka mwisho.

Nikarudi nyumbani nafurahi. Siku ya kwanza ikamaliza. Siku ya nne ikafa dakika ya 19. Siku ya sita, kumi na moja tena. Nikampigia fundi, akasema, "Dada, hiyo imepona, labda kwenu umeme mbovu."

Mimi sina elimu kubwa lakini namba nazijua. Umeme mbovu hauharibiki taratibu kwa siku sita. Nikaweka programu ya kusoma joto: nyuzi 98, halafu giza. Nikafungua skrubu mwenyewe. Feni ilikuwa imevaa blanketi. Pamba! Nyuzi nyeupe zimeshikana kwenye matundu ya kutolea joto, hata hewa haipiti.

Maana chumba changu ndicho stoo. Tangu wavune, mafurushi kumi na manne yamepangwa humo yakisubiri ununuzi ufunguliwe, na kila siku baba mkwe na mawifi wanakaa humo humo kuchambua, safi huku, chafu kule, vumbi la pamba linaelea kama moshi. Sebuleni yamejaa mengine. Chumbani kwetu hakuna soketi na tunalala wanne.

Nikawa nasafisha kila baada ya siku mbili. Skrubu zilikuwa kumi, zimebaki sita, zingine zimeisha meno. Nikaona bora niseme. Nikapiga magoti, nikamweleza baba mkwe vizuri, nikamwonyesha na ile pamba niliyoitoa kwenye feni. Akaigeuza geuza kwenye vidole.

"Hii ni safi kabisa," akasema. "Rudisha kwenye furushi." Halafu akanitazama, akaniita mama kwa Kisukuma chake. "Mayu, mashine inayoshindwa na pamba, Bariadi imekuja kutafuta nini?"

Mawifi walicheka mpaka mmoja akalala kwenye mafurushi. Mume wangu naye akacheka. Nilipombana chumbani akasema, "Baba analima pamba mimi sijazaliwa. Hiyo laptop unayo tangu lini?"

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na sijifichi. Baba mkwe alienda msibani Ngulyati, mawifi nao wakaenda. Nilikuwa na harusi ya watu wa Lamadi, nimeahidi kuikabidhi Jumapili. Nikahamisha mafurushi yote kumi na manne, peke yangu, nikayaweka kwenye kibanda cha nyuma. Kina bati lakini hakina kuta. Nikafagia chumba, nikasafisha feni, nikaanza kurenda. Alasiri ikaja mvua ya upepo, mvua ambayo hakuna aliyeitegemea. Nilikimbia, nikaokoa tisa. Matano yalilowa.

Na laptop? Ilimaliza. Dakika 52, faili limetoka, nyuzi 81. Nilikaa nalia mbele ya mashine nzima.

Waliporudi nilipiga magoti nikasema ni mimi, nitalipa. Baba mkwe hakugomba. Alisema tu, "Pamba yangu sijakuuzia." Hajanisalimia tena mpaka leo. Kesho yake aliyabeba yale tisa mwenyewe, moja moja, mzee wa miaka sabini na kitu, akayarudisha chumbani kwangu. La mwisho akaliweka juu ya meza yangu.

Harusi ya Lamadi ilipokelewa, wakaniletea nyingine mbili. Zote zimekwama. Jana imezima dakika ya 14.

Nimepata frem mjini, nikamwambia mume wangu nitakuwa naenda asubuhi narudi jioni. Akasema, "Umemlowanishia baba pamba, sasa unamhama. Watu watasema amekufukuza. Ukihama na hiyo mashine, hama na nguo zako."

Kosa la mvua ni langu, nitaliomba msamaha hata mara mia. Lakini kufanya kazi kwenye chumba kisicho na pamba ni kosa gani? Nikibaki, nangoja miezi mingapi kila msimu, na wateja nawaambia nini? Nikienda, watoto nawaachaje?

Mliowahi kuishi ukweni, nawasikiliza, nifanyeje? Ila msiniambie ninunue laptop nyingine. Hata hiyo nyingine itavuta hewa ya chumba kile kile.