Mguu wa Mama Mkwe

Bibiana hakuwa mtu wa kuomba samahani, na ukimdai hiyo samahani alikuuliza unaitaka ya nini. Alibangua korosho kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa. Wenzake walilia getini. Yeye alinunua kikaango akaendelea kubangua uani kwake, hapa Mkomaindo, Masasi, ukuta kwa ukuta na mimi. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila mtu anauza kitu. Yeye aliuza korosho stendi, mimi maandazi. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa mafuta ya maganda, na mdomo wake uliunguza kuliko hayo mafuta. Nilimpenda, ingawa siku za kununiana zilikuwa nyingi kuliko za kucheka.

Kiharusi kilimkuta asubuhi akichochea moto. Nilisikia kikaango kinaanguka, nikapaza sauti kumtania. Kimya. Nilipochungulia nikamwona amelala ubavu, mdomo umekwenda upande. Hospitali walimtibu, akarudi na akili zake zote na ulimi wake wote, lakini mkono wa kushoto ulikuwa mzito, na mguu wa kushoto ndio kabisa: unyayo unaning'inia, vidole vinaburuza mchanga.

Ugonjwa wenyewe aliuvumilia. Kilichomshinda ni choo. Choo kiko nyuma ya nyumba, na kila alipotaka kwenda ilibidi binti yake Claudia, aliyehamia kwake kumuuguza, amshike kwapani, amwingize, amsubiri, amsafishe. Mwanamke aliyejifungua peke yake shambani Chiungutwa, akarudi nyumbani na mtoto mgongoni!

"Mama Fikirini," aliniambia, "kufa siogopi. Nataka kwenda chooni mwenyewe. Basi."

Akaanza kukataa maji, akala kidogokidogo, ili asimsumbue mtu. Nilimwona anakonda mbele ya macho yangu. Hilo lilinitisha kuliko kiharusi.

Na dawa ilikuwepo, tena kwenye familia. Claudia ameolewa na Selestini, mtu wa Chiwata, aliyesomea mazoezi ya viungo. Watu binafsi waliporuhusiwa kufungua vyumba vya tiba, naye akafungua chake. Alikuwa na kimashine cha betri za redio: unabandika vibandiko viwili mguuni, kinapitisha umeme mdogo, msuli uliolala unashtuka na kuinua unyayo. Ukishtuliwa kila siku, na mgonjwa naye akijitahidi kuuinua, polepole unaweza kukumbuka kazi yake. Tena alijua kutengenezesha chuma cha mguu, yaani buti lenye vyuma viwili pembeni na mkanda wa ngozi chini ya goti, ili unyayo usining'inie mtu anapotembea. Mwingine mwenye vitu hivyo sikumjua, Masasi mpaka Newala.

Lakini Selestini ni mkwe. Na katika ukoo wao, mkwe na mama mkwe hawana mzaha. Tangu amwoe Claudia hakuwahi kula na Bibiana wala kumtazama usoni. Wakikutana njiani, yeye anaingia majanini, mama anajifunika khanga. Sasa huyo ndiye amshike goti? Thubutu!

Wakatafuta ujanja, na ujanja ndio uliotuponza. Walitundika shuka katikati ya chumba. Upande huu mama na Claudia, upande ule mkwe na mashine yake, waya zinapita chini. Mimi nilikaa mlangoni, nikatazama vituko.

"Mama Barnaba," Selestini anamwambia mkewe, "mwombe mama, kibandiko kimoja kikae nje ya mguu, chini ya goti, penye kinundu cha mfupa. Mshipa wenyewe unapita hapo."

"Mwambie nimesikia," anasema Bibiana, kama vile mtu yuko Mtwara. Kisha anamnong'oneza binti, "Goti langu silifunui mkwe akiwa humu. Weka huko chini."

Claudia naye, mtoto mtiifu, anaweka chini, karibu na kifundo.

"Tayari?"

"Tayari."

Umeme unaingia. Bibiana anafyonza hewa kama aliyekanyaga mwiba. Unyayo hautikisiki.

Chuma nacho kilipimwa vivyo hivyo. Claudia alizungusha utepe juu ya khanga mbili, maana mama hakutaka vipimo vya mguu wake mtupu vifike mikononi mwa mkwe. Selestini akavipeleka kwa fundi, fundi akatengeneza alichoambiwa. Kikaja kipana. Mkanda unateremka, chuma kinasugua, na kifundo kikachubuka mpaka nyama nyekundu ikaonekana. Bibiana akakifunga kidonda kwa kitambaa, akanyamaza.

Masika yakapita. Selestini akaanza kusema nyuma ya shuka, kwa sauti ya upole ya kuudhi, kwamba huenda mishipa imekataa, kwamba miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida na inakwisha. Nilitamani kulichana lile shuka. Mtu anatibu mguu asiouona! Siku moja alipoondoka nikamwambia Bibiana wazi, "Shoga, mficha uchi hazai."

"Mimi nimeshazaa," akanijibu.

Ungemfanya nini mtu huyo?

Kisha ikaja asubuhi moja Claudia yuko sokoni. Bibiana akavaa chuma chake kipana, akachukua fimbo, akaamua kwenda chooni peke yake. Nilisikia kishindo. Halafu nikasikia sauti ya Selestini, aliyekuwa amemletea mkewe unga, "Jamani! Kuna mtu? Mama Fikirini!"

Nikatoka mbio na mwiko mkononi. Bibiana kalala mchangani nusu ya njia, mguu umejikunja chini yake, khanga imelowa mkojo. Selestini kasimama hatua chache tu, kampa mgongo, mikono kichwani, anaita watu. Nikajaribu kumwinua. Bibiana ni mwanamke wa haja, mimi ni mifupa. Tukakaribia kuanguka wote wawili.

"Baba Barnaba," Bibiana akasema. Sikuwahi kumsikia akimwita kabla ya hapo. "Geuka."

"Mama, siwezi."

"Nakwambia geuka! Nimejikojolea, nimelala mchangani. Unadhani nimebakiwa na nini cha kuficha?"

Akageuka. Machozi yalikuwa yanamtoka, mwanamume mzima. Akapiga magoti, akamwinua, akamketisha kwenye mkeka, na Bibiana, badala ya kushukuru, akaanza ugomvi palepale.

"Tangu niugue nasubiri kuku wako."

Maana kwao, mkwe akitaka haya iishe hupeleka kuku, mama akimpokea wanakula pamoja, mambo yanakwisha.

"Mimi nilikuwa nasubiri uniite, mama," Selestini akasema. "Nyumbani tulifundishwa mkwe haanzi mpaka mama atume neno. Nikaona, nikileta kuku bila kuitwa, nimekudharau."

Loo! Kumbe ndiyo hivyo. Miezi yote ile, mmoja anasubiri kuku, mwingine anasubiri neno, na mguu katikati unaoza. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilikuwa na hasira, sijui hata na nani.

Selestini akafungua mkanda wa chuma, akaona kidonda. Uso ukambadilika. "Nani alipima mguu huu?"

"Mguu haukupimwa," nikamwambia. "Zilipimwa khanga."

Alikiosha kidonda mwenyewe, kisha akapeleka kidole chini ya goti, nje, akapapasa mpaka akafika alipopataka. Bibiana alitazama ukuta, lakini hakuuvuta mguu.

Kuku aliletwa, jogoo mwekundu. Wakala pamoja, Selestini akimega ugali kidogokidogo, Bibiana akimwambia ale, asijifanye mgonjwa, mgonjwa ni yeye. Kesho yake shuka lilirudi kitandani. Vibandiko vikakaa mahali pake, kitufe kikabonyezwa, na unyayo ukapanda. Ukashuka. Ukapanda tena. Bibiana alitoa macho kama anayeona mguu wa jirani.

"Usiutazame tu, mama," Selestini akasema. "Uinue na wewe."

Sitakudanganya kwamba alipona. Miezi iliyopotea haikurudi, na bila mashine vidole viliinuka kidogo tu, tena kwa taabu. Mkono ulibaki mzito vilevile. Lakini buti lilipimwa upya, juu ya ngozi, kidonda kikafunga, na kila siku Claudia na mumewe walimtembeza uani akiwatukana wote wawili.

Asubuhi aliyonyanyuka peke yake tulikuwa tunachambua mboga. Hakuaga. Alishika fimbo, akapita mbele yetu, chuma kinalia kwa kila hatua, akakata kona nyuma ya nyumba. Claudia akainuka kumfuata, kwa mazoea tu. Tukasikia mlango wa bati ukivutwa, kisha komeo likisukumwa kwa ndani.

"Claudia!" sauti ikatoka humo. "Nikikusikia nyuma ya mlango huu, utanitambua!"

Claudia akarudi akaketi. Mimi nililia, sioni haya kusema. Bibiana alikaa humo mpaka mboga zikaisha kuchambuliwa, na hakuna aliyemwuliza anafanya nini.