Miji Niliyopewa Picha ya Ndege

Sikusoma. Nilipokuwa mdogo kule Kibuta, Kisarawe, shule ilikuwa mbali na ndege wa kufukuza mpungani walikuwa karibu, basi wazazi wangu wakachagua. Nayasema haya kwanza ili msomaji ajue kwamba anayeandika ni mjukuu wangu, na kwamba habari yenyewe inamhusu yeye. Nimemwamuru aandike kama ninavyotamka, asijipunguzie makosa.

Alipoingia kidato cha pili alichaguliwa pamoja na wenzake wawili kuiwakilisha shule yao ya Kibaha katika shindano la maswali. Alirudi nyumbani, hapa Picha ya Ndege, na bahasha ya kadi za maswali, lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyechaguliwa. Katika shindano lile jibu la makosa hukata alama, na asemaye hajui hakatwi kitu; naye katika mazoezi alikuwa akibahatisha kila swali lililomshinda. Mwalimu alikuwa amemwambia kwamba akibahatisha tena mbele ya watu, nafasi yake itakwenda kwa mwingine.

"Kwani kusema hujui kunauma wapi?" nilimwuliza.

"Watanicheka, bibi."

"Na ukikosea wanakupigia makofi?"

Nikamwagiza anisomee kadi zote, swali na jibu lake, wakati mimi napepeta mchele. Asiyejua kusoma hana pa kuwekea jambo isipokuwa kichwani, na changu hakijawahi kuvuja. Alinisomea jioni tatu. Siku ya nne nilizifungia kadi ndani ya sanduku langu la kanga, nikaanza kumwuliza mimi.

Mambo yaliyokuwamo hayakuwa na ukoo. Kulikuwa na kijana wa hadithi za kale za Wagiriki aliyevishwa mabawa ya nta, akakatazwa na baba yake kulisogelea jua, akalisogelea; huyo sikuhitaji kusomewa mara mbili. Kulikuwa na joka la vitabu vya kubuni linalolala juu ya dhahabu. Hilo nililipinga, kwa sababu zimwi la kwetu lilikula watu, lilikuwa na kazi ya kufanya, na hili ni bahili tu. Kulikuwa na mtawala wa Rumi aliyeficha barua zake kwa kusogeza kila herufi nafasi tatu mbele, ingawa mimi asingehitaji kunisogezea hata moja. Na kulikuwa na treni ya Japani iliyochongwa pua kwa kuiga mdomo wa mdiria, ndege ambaye nimemtazama tangu utoto akizama katika mto wa Kibuta bila kuyatibua maji. Siku tuliyokwenda Soga kumwona shangazi yake, treni mpya ikapita.

"Na hii waliiga ndege gani?" nikauliza.

"Hilo halimo kwenye kadi, bibi."

Ili kumtibu ugonjwa wake nilirudi kwenye desturi ya vitendawili. Kwetu aliyeshindwa hutoa mji; aliyetega huupokea, huenda huko kwa maneno, akala akashiba, ndipo akatoa jibu. Mji ukishatolewa hakuna aliyeaibika. Nikaongeza sharti langu: akitoa mji atapata jibu papo hapo, akibahatisha atalisubiri hadi kesho yake. Siku za mwanzo alilala na maswali mengi tumboni kuliko chakula. Kisha akaanza kulegea.

"Nipe mji."

"Chukua Mlandizi."

"Mlandizi ninayo tangu juzi."

"Basi Kibuta."

"Kibuta ni kwangu, mke mwenzangu. Huwezi kunipa changu."

Shindano lilifanyika Kisarawe, nami nilikwenda nikakaa mstari wa mbele. Shule zilikuwa tatu, na mbili ndizo zingeendelea. Swali la mwisho lilipomfikia mjukuu wangu, shule yake ilikuwa ya pili, ikiipita ya tatu kwa alama moja tu. Aliulizwa, mwezi mkubwa kuliko miezi yote inayojulikana huizunguka sayari gani? Halikuwamo kwenye kadi. Nilimwona akifungua kinywa, na baadaye alikiri kwamba Zohali ilikuwa imeshafika ulimini. Akafumba kinywa. Mwalimu wake aliacha kuandika.

"Nakupa mji," akasema.

Ukumbi mzima ukacheka. Muuliza maswali, mzee mwenye mvi, aliweka karatasi yake chini.

"Mji gani, binti?"

"Kisarawe."

"Umenipunguzia nauli. Haya, nimefika Kisarawe, nimekula, nimeshiba. Jibu ni Mshtarii."

Walicheka tena, na safari hii mjukuu wangu alicheka pamoja nao. Alama yao moja ikabaki mahali pake, wakaendelea.

Mwalimu alinifuata nje. "Shikamoo, bibi. Mafunzo haya ya miji ni ya nani?"

"Marahaba. Ni ya waliokutangulia. Na nafasi yake?"

"Ni yake."

Jioni, tukiwa jikoni, mjukuu akaniuliza, "Bibi, ulikuwa ukinifokea kwamba siku moja ya Zuhura ni ndefu kuliko mwaka wake. Inawezekanaje?"

Nilijua jibu, sikujua maana yake. Nyota ile nimeamka nayo alfajiri miaka yote ya kilimo, na kwa majuma kadhaa nilikuwa nimelidai jibu lile kwa sauti kali bila kulielewa hata kidogo. Neno "sijui" sikuwahi kulitamka mbele ya mtoto.

"Nipe mji," akasema.

Nilifikiri kumrudishia Mlandizi. Haikuwa haki.

"Chukua Kibuta."

Hakucheka. Aliweka sufuria katikati ya sakafu liwe jua, akachukua chungwa, akaanza kulizunguka sufuria huku akiligeuza chungwa mkononi taratibu mno. Aliporudi pale alipoanzia, mwaka ukiwa umekwisha, chungwa lilikuwa bado halijakamilisha mzunguko wake mmoja.

Nikamwambia azunguke tena, polepole.