Picha ya Tatu na Kiwiko Changu

Kisarawe, 14 Juni 1953

Bwana Mhariri, pamoja nanyi wasomaji wa ukurasa huu, shikamooni. Naahidi kwamba leo nitasema yote, hata yale yanayoniaibisha, ila naomba jina langu lisitiwe gazetini. Mimi ni msichana wa miaka kumi na tano, nasoma darasa la saba katika shule ya misheni. Nyumbani tuko wanne: baba, mama, mimi, na binti wa mama mkubwa. Nitamwita Tatu, ingawa silo jina lake. Ana miaka kumi na saba, na amelelewa kwetu tangu mama yake afariki.

Mwaka jana, siku Tatu alipotolewa nje baada ya kukaa ndani uwali, gari la sinema la kampuni ya sigara lilikuwa sokoni. Tulisimama pamoja, yeye na kanga zake mpya, mimi na gauni langu la shule. Bwana mmoja mwenye kamera akatutazama, nami upesi nikanyoosha ukosi. Akaniambia, "Wewe mwanafunzi, sogea huko, unamtia mwenzako kivuli." Nikasogea. Akampa Tatu mkebe wa sigara aushike karibu na shavu, akamwambia acheke. Walipomaliza wakamwachia mkebe ule kuwa zawadi.

Sasa lazima niwaeleze kuhusu baba. Alikuwa na kifua kibaya, daktari akamkataza sigara, akaacha miaka miwili. Mimi ndiye niliyemsaidia. Kila jioni, mkono wake ulipoanza kutafutatafuta mfukoni, nilimpa kipande cha mua atafune, nikamsomea kitabu changu cha shule mpaka asahau. Saa ile ilikuwa yetu wawili.

Kwetu, kitu cha kwanza ambacho mwali aliyetoka humpa mzee wake kwa magoti na mikono miwili hakikataliwi, na hutumiwa palepale mbele ya watu. Tatu hakuwa na kitu kingine siku ile. Tuliporudi nyumbani akapiga magoti na mkebe wake. "Baba, pokea." Wageni wote wakatazama. Baba akanitazama mimi, akatazama mkebe, akasema, "Moja tu, kwa heshima ya mwanangu." Akaivuta, na akina mama wakapiga vigelegele.

Haikuwa moja. Miezi michache baadaye picha ya Tatu ilibandikwa kwenye ukuta wa duka pale yanaposimama mabasi, kubwa kama mlango, na chini yake maneno kwamba ile ndiyo sigara ya waungwana. Pembeni kabisa pamebaki kiwiko kimoja chenye mkono wa gauni la shule. Ni changu. Wapagazi wa sokoni walipogundua, hawakuniacha. "Kiwiko! Njoo na wewe utuuzie moja!" Wanaume wanaingia dukani wakisema, "Nipe ya Tatu." Na baba naye husema hivyohivyo. Mama akimwonya, hucheka: "Mke wangu, niikatae sigara ya mwanangu?" Alipewa dukani karatasi ndogo ya picha ileile, akaitundika ukutani mahali palipokuwa na ripoti yangu ya shule. Ripoti niliikuta juu ya kabati, imefunikwa na sufuria.

Siku hizi hataki nimsomee. Kikohozi kinamkunja mpaka anashika ukuta, na ukuta anaoushika ni ule wenye picha.

Mwalimu wetu wa kike alituagiza tuandike barua kwa baraza la wilaya juu ya jambo moja tunalotaka lirekebishwe. Niliandika kwamba picha ile iondolewe, kwa kuwa inawaonyesha watu moshi na kicheko, wala haionyeshi kikohozi. Yote hayo ni kweli, na hapo ningeweka kalamu chini. Sikuiweka. Niliongeza, "Hata msichana wa pichani sasa ameshikwa na sigara na hawezi kuacha." Ni uongo. Tatu hajavuta hata siku moja. Moshi unamtoa machozi.

Mwalimu aliipigia mstari sentensi hiyo. "Hii ndiyo itakayowagusa," akasema, na ameamua barua yangu isomwe barazani mwisho wa mwezi huu, mbele ya watu wote.

Na Tatu anaposwa. Watu wa mume wanatoka Maili Moja, ni watu wa dini sana, nao waliiona picha kule barabarani. Waliuliza jambo moja tu: "Binti mwenyewe anavuta?" Mama akawaapia kwamba havuti.

Juzi nilikuwa naosha vyombo, Tatu akaja akachuchumaa karibu yangu.

"Nasikia umeandika picha itolewe."

"Ni kwa ajili ya baba," nikasema.

"Umefanya vizuri, mdogo wangu. Kila akikohoa nayakumbuka yale magoti niliyopiga." Kisha akanisukuma bega. "Ila wakiibandua, Kiwiko, waambie wakukatie kipande chako ukitunze."

Nilitamani aniudhi, nipate sababu. Hakuniudhi. Akachukua sufuria akaanza kuisugua.

Nikinyamaza, huenda picha ikaondoka, na posa ya Tatu ikaondoka nayo. Nakiri kwamba kuna siku ninapolala nikiiwaza posa hiyo imevunjika, na nafurahi kidogo kabla ya kuona haya. Nikisema, Mwalimu hutufundisha kwamba barua yenye uongo mmoja haifai kupelekwa kokote. Ataichana yote, picha itabaki, na baba ataendelea kushika ukuta.

Nimeweka stempu ndani ya bahasha hii ili jibu lisichelewe. Nishikeni mkono, kaka na dada zangu, kabla baraza halijakaa: nikimwambia Mwalimu kwamba sentensi moja niliiandika kwa wivu, ataamini kweli kwamba zilizobaki niliziandika kwa ajili ya baba?