Visahani vya Sufu vya Tarumbeta Langu

Mama alipolala asiweze tena kunyanyuka, panya nao wakanimaliza. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, maduka ya Karatu yamebaki rafu tupu, na mafuta ya kulainishia vali za tarumbeta, zile zinazobonyezwa kwa vidole, hukuyapata hata Arusha. Sisi wa bendi ya kanisa tulikuwa tunapaka samli, tukijiona wajanja kweli. Siku moja nilikuwa nimezifungua vali zote tatu nyumbani kwetu Qurus, nikaziacha juu ya sanduku zikauke. Panya wa Qurus wakafuata harufu ya samli, wakatafuna visahani vyote vya sufu vinavyokaa kwenye vali.

Asiyepiga tarumbeta atacheka. Ni vipande vidogo tu, vinene kiasi cha ukucha. Lakini ndivyo vinavyoiambia vali isimame wapi. Ikisimama mahali pake, tundu lake hutazamana na tundu la bomba na pumzi hupita. Ikizidi kidogo au ikipungukiwa, pumzi inagonga ukuta na sauti inatoka imekwama, na wewe mpigaji unavimba mishipa ya shingo bure.

Usharikani kwetu bendi humpigia marehemu tangu jeneza linapotoka nyumbani hadi udongo usawazishwe. Mama alijua siku yake nitakuwamo. Asubuhi moja aliniita, akasema kwa Kiiraqw, polepole, akipumzika kila baada ya maneno mawili:

“Kaburini utawapigia wengine. Mimi nipigie sasa, ningali nasikia.”

Nikakata visahani kwenye blanketi. Vikawa vinene mno, vali zikaishia njiani. Nikakata kwenye mpira wa ndala. Zikagonga ko ko ko na kurukia juu kupita kiasi. Nikasimama dirishani kwake nikapiga hivyo hivyo. Ilitoka sauti ya mtu aliyekabwa koo. Mama alivumilia ubeti mmoja, kisha akamwomba baba aniambie nikapumzike. Niliingia shambani katikati ya maharage nikalia kwa hasira. Niliwachukia panya, nikaichukia samli, nikamchukia hata Mungu, ambaye alikuwa anamchukua mama na hataki kuniachia wimbo mmoja. Kila nilipoamka, kabla sijafungua macho, nilisikiliza kwanza kama bado anakohoa.

Baba alikuwa na kofia ya pama aliyoivaa tangu alipokuwa kibarua kwenye shamba la kahawa. Aliivua kanisani na wakati wa kulala, basi. Siku moja aliivua mbele yangu. Aliiweka juu ya goti langu, akanyoosha kidole kwenye ukingo wake.

“Kata hapa,” akasema.

Sufu ya pama ilikuwa imeshikamana vizuri, haibonyei ovyo. Nilikata kwa wembe, nikapunguza, nikavisha, nikachomoa kibomba cha pembeni na kuchungulia ndani kwenye jua. Tundu la vali lilikuwa limezibwa upande. Nikapunguza tena, nikachungulia tena, mara nikasikia kikohozi cha chumbani kimenyamaza. Baba akaenda kutazama, akarudi akatikisa kichwa kwamba bado yupo. Mwishowe nikaliona tundu zima, mviringo kamili.

Nilipopiga, sauti ilitoka yenyewe. Sikuisukuma. Mama alifumba macho, ubeti ulipokwisha akasema nirudie. Nikarudia. Akasema tena nirudie. Nilirudia mpaka midomo ikavimba na ukungu wa jioni ukawa umeshuka kutoka Ngorongoro ukafunika boma, naye akalala usingizi.

Alifariki wiki ileile. Siku ya kuzika vali zilipanda na kushuka bila kosa, matundu yote yakitazamana. Midomo yangu ndiyo iliyokataa kukutana. Nilijaribu ubeti wa kwanza, nikajaribu wa pili, ukatoka upepo mtupu. Wenzangu wa bendi waliendelea bila mimi. Nikaliweka tarumbeta kwenye nyasi, nikapokea beleshi, nikamfukia mama huku wengine wakimpigia.