Siku Niliyomuaga Mwalimu Wangu

Kuna mtu aliyenifundisha kazi ya upasuaji, na kwa miaka kumi na mmoja nilimtakia mabaya kila nilipofunga uzi. Sisemi hivi kwa kutubu. Kanisani nilishaambiwa nisamehe, na mama yangu alinisihi hivyo hivyo mpaka akachoka. Nasema ili ijulikane ilivyokuwa.

Mama alikuwa akiuza kabichi na viazi katika soko la Karatina. Nilipoitwa chuo kikuu kusomea udaktari, miaka ya mwanzo ya sabini, wanawake wa pale sokoni waliacha bidhaa zao wakaja kunishika mikono, na kila mmoja akanionyesha mahali panapomuuma. Darasani tulikuwa wasichana saba kati ya wavulana wengi. Siku ya kwanza ya kupasua maiti, mvulana mmoja mrefu, aliyekuwa ametuambia kazi hii wanawake hawaiwezi, alianguka chini kama gunia. Mimi nilikuwa nimechinja na kutoa matumbo ya kuku tangu nikiwa na miaka minane. Nilimruka nikaendelea.

Baada ya masomo nilipelekwa kufanya mwaka wa mafunzo ya kazi katika hospitali ya mji mmoja hapa mlimani. Sitautaja. Mkuu wa upasuaji alikuwa mtu mfupi, msafi, wa viatu vya kung'aa. Alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kukabidhiwa wodi ambazo zamani zilisimamiwa na wazungu, na watu walijivunia sana. Akina mama walikuwa wakisimama kwenye baraza ili wamwone tu akipita.

Na lazima niseme ukweli: mikono yake ilikuwa ya ajabu. Alifungua tumbo kama mtu anayefungua barua aliyokuwa akiisubiri. Hakuharakisha wala kusitasita, na damu ilikuwa kidogo. Nilisimama upande wa pili wa meza nikimwangalia, na nilijua kwamba hiyo ndiyo kazi ninayoitaka maishani.

Lakini ulimi wake ulikuwa mbaya. Asubuhi, tulipokuwa tukizunguka wodini, alipenda kunisimamisha kitandani kwa mgonjwa.

"Daktari wa kabichi, tuambie, mgonjwa amefanya nini jana?"

"Amerara vizuri, Daktari."

"Amefanya nini?"

"Amerara."

"Sema tena, wasikie hata wale wa dirishani."

Wagonjwa wenyewe walikuwa wakisema hivyo hivyo, 'kurara' na 'kura chakura' badala ya 'kulala' na 'kula chakula', lakini walicheka kwa sababu yeye alikuwa akicheka. Nilivumilia. Nilijiambia kwamba matusi hayaui mtu.

Kisha ikaja Jumamosi moja.

Saa nne asubuhi mwalimu wa shule ya msingi alimleta mke wake akiwa amemshika kiunoni. Mwanamke huyo alikuwa na miaka ishirini na nne, naye pia alikuwa mwalimu. Alikuwa na maumivu ya tumbo upande mmoja, midomo imepauka, na presha ilikuwa ikishuka. Aliniambia kwa aibu kwamba siku zake zilikuwa zimepita wiki sita. Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Mimba ilikuwa imetunga nje ya mfuko wa uzazi na mrija ulikuwa umepasuka. Alikuwa akivuja damu tumboni, na dawa yake ilikuwa moja tu, kisu, tena upesi.

Mimi sikuruhusiwa kupasua peke yangu, na wahudumu wa chumba cha upasuaji hawangefungua mlango bila neno la mkuu. Nilikimbia kwenye chumba kidogo cha simu. Mama aliyekuwa akiunganisha simu, mtu mnene mwenye miwani ya uzi, alinipigia nyumbani kwa mkuu. Mkuu alipopokea, niliwasikia wageni wakicheka nyuma yake.

"Hiyo ni minyoo," alisema. "Mpe dawa ya tumbo. Nina wageni."

"Daktari, presha imeshuka. Nafikiri mrija umepa—"

"Nani amekuuliza unafikiri nini?"

Akakata. Nilimwekea mgonjwa dripu mbili, nikaandika kila kitu kwenye faili, nikarudi kupiga tena. Mara ya pili aliniambia nikimsumbua tena nitajua yeye ni nani. Mara ya tatu mke wake ndiye aliyeshika, akasema bwana anapumzika.

Yule mwanamke alikufa saa tisa alasiri, jua likiwaka nje. Alikuwa ameniuliza kama Jumatatu ataweza kwenda kazini, kwa sababu darasa lake lilikuwa na mtihani. Nilimwambia ataweza.

Jumatatu tuliitwa mkutanoni. Mkuu alisimama akiwa ameshika faili, akasema kwa upole kabisa kwamba inasikitisha daktari kijana anapoona aibu kuomba msaada. Akasema hakupigiwa simu. Nilipoomba faili, ukurasa wangu haukuwemo.

Nilirudi kwenye chumba cha simu mbio. Kila simu ya hospitali iliandikwa kwenye kitabu kikubwa, saa na jina. Nilimsihi yule mama akilete.

Alivua miwani. "Daktari, mimi niko na watoto wanne na mzee wangu alikufa," alisema. "Huyo mtu akinifukuza, nitaenda wapi? Ati wewe utanichukua?"

Sikumlaumu wakati ule, na simlaumu sasa. Hasira yangu yote niliipeleka sehemu moja.

Niliongezewa miezi sita ya mafunzo kama adhabu, na katika ripoti aliandika kwamba sifai kwa upasuaji. Yule mume nilimwona mara moja tu kabla sijaondoka, kwenye ngazi za hospitali. Aliniangalia kama unavyomwangalia mtu aliyekuulia mke. Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo, kisha nikamwona mkuu akija na viatu vyake, nikanyamaza.

Baadaye nilipelekwa hospitali ndogo upande wa mashariki wa mlima, huko Meru, ambako tulikuwa madaktari wawili tu. Huko hakukuwa na mkubwa wa kuombwa ruhusa. Jioni nilijizoeza kufunga uzi kwenye mguu wa kiti, fundo juu ya fundo, na kila fundo nililikaza nikimfikiria yeye. Mwezi wa tano aliletwa mwanamke mmoja mkulima akiwa na maradhi yale yale, midomo ile ile. Nilimpasua mimi. Nilipoushika ule mrija na damu ikakoma, niliona kwamba mkono wangu unajua, kwamba unaenda sawasawa na mkono wa mtu ninayemchukia. Wiki tatu baadaye mama yule alirudi na mkungu wa ndizi kichwani, akauweka mlangoni pangu, akacheza hapo hapo uani. Nilicheka, kisha nikaingia ndani nikalia. Sijawahi kupata furaha nyingine ya kulingana na ile, na niliona uchungu kwamba sehemu yake ni deni kwa yule mtu.

Nilirudi chuoni kusomea upasuaji. Kila mtihani niliufanya kwa ajili yake. Nilipofaulu, wakuu waliniuliza ningependa kufanya kazi wapi, na nikataja hospitali ile ile. Walishangaa, maana wengi walitaka kubaki Nairobi.

Siku niliyoripoti nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilivaa suti mpya. Alinyanyuka kwenye kiti chake, nywele zimeanza mvi, akanipa mikono yote miwili.

"Karibu, mwanangu. Nimesikia sifa zako. Umewahi kufika huku kwetu?"

Hakunikumbuka.

Nilikuwa nimeishi naye kichwani miaka yote hiyo, nikala naye, nikalala naye, na yeye hata sura yangu hakuwa nayo. Nafikiri hapo ndipo chuki ilipokomaa. Kabla ya hapo, kama angesema neno moja la kujuta, labda ningetulia.

Nikamjibu, "Nimefika, Daktari. Zamani kidogo."

Tulifanya kazi pamoja miaka mitatu. Alinipenda. Aliwaambia watu kwamba mimi ni matunda yake. Alipokaribia kustaafu, aliniomba mwenyewe nitoe hotuba siku ya kumuaga, nizungumzie alivyowalea madaktari vijana. Nilikubali upesi mno, hata nikaogopa amegundua.

Siku iliyofuata nilikwenda Majengo, Nyeri, kumtafuta yule mama wa simu. Alikuwa amestaafu na kuhamia huko, akapanga chumba karibu na msikiti, akiuza sukari na mafuta taa kwenye kibanda. Alinikumbuka kabla sijasema jina langu. Nilipomweleza habari ya sherehe, aliingia ndani akatoka na kile kitabu cha simu, jalada likiwa limeliwa na panya.

"Waliniambia nichome vitabu vya zamani," alisema. "Hiki mkono ulikataa. Watoto wangu sasa ni wakubwa, Daktari. Twende."

Kutoka hapo nilikwenda Ruring'u, mtaa mwingine wa Nyeri, kwenye nyumba ya yule mume. Sasa alikuwa mwalimu mkuu, na alikuwa ameoa tena. Nilimwambia tu kwamba kuna sherehe ambayo anapaswa kuhudhuria, na kwamba inahusu mke wake wa kwanza. Alikuja.

Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na wakubwa wa wilaya, wazee wa kanisa, wauguzi, watoto wake na wajukuu. Ilikuwa imetangazwa kwamba wodi mpya itaitwa kwa jina lake. Nilipoitwa nilipigiwa makofi.

Nilianza kwa kumsifu, na sifa zile zilikuwa za kweli. Nikaeleza mikono yake. Kisha nikasema, "Sasa nitawaeleza jinsi alivyonifundisha nisimwache mgonjwa." Nikaeleza Jumamosi ile. Sikupaza sauti. Nilifungua kitabu nikasoma mistari mitatu: saa nne na nusu, wodi ya wanawake kwenda kwa mkuu wa upasuaji, amejibu. Saa sita kasorobo, amejibu. Saa saba na dakika kumi, amejibu mke. Nilisema, "Aliyeandika amekaa pale. Na mume wa marehemu amekaa nyuma, kwenye nguzo."

Nilikuwa nimeingoja sura yake miaka kumi na mmoja, na niliiangalia yote. Kwanza alitabasamu kama mtu anayesubiri mzaha umalizike. Kisha akaanza kunitazama mdomoni, akitafuta. Nikamsaidia.

"Marehemu amerara, Daktari," nilisema.

Hapo akanijua. Rangi ilimtoka. Mke wake aliinuka akatoka nje, na mtoto wake mkubwa akanifokea nishuke. Nilikuwa nimemaliza. Naam, ilikuwa tamu. Watu hutaka niseme kwamba kisasi ni kichungu ukishakionja. Changu kilikuwa kitamu.

Uchungu ulinipata dakika chache baadaye, uani, na ulitoka kwa mtu niliyedhani atanishukuru. Yule mwalimu alisimama mbele yangu akiwa ameshika kofia.

"Kwa hivyo ulijua," alisema. "Siku ile kwenye ngazi, ulijua."

"Nilijua, Mwalimu."

"Mama wa mke wangu alikufa akiamini mimi nilichelewa kumleta hospitali. Miaka sita alikataa hata salamu yangu. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naogopa. Baadaye nikawa nangoja siku nzuri."

"Siku nzuri kwa nani?"

Akavaa kofia akaondoka. Mara mbili nilikwenda kwake Ruring'u kumwomba radhi. Mara ya kwanza hakufungua. Mara ya pili alifungua, tukakaa, mke wake akatuletea chai, na tukazungumza juu ya mvua. Zaidi ya hapo hakunipa, na sikustahili kudai.

Wodi ilipewa jina lingine. Uchunguzi ulifanywa lakini haukufika mbali, na mkuu alihamia shambani kwake.

Nilikutana naye mara moja tu baada ya hapo, katika posta ya Nyeri. Alikuwa amekonda, na viatu vyake vilikuwa na vumbi. Nilidhani atanitukana.

"Nimejaribu kukumbuka uso wa yule mwanamke," alisema polepole. "Siuoni. Hata wako sikuwa nao. Hilo linanikosesha raha, Daktari, kuliko aibu uliyonipa."

Nadhani alitaka nimpunguzie. Ningeweza. Wagonjwa wangu huniambia nina maneno laini.

"Basi likukoseshe," nilisema.

Nikachukua barua zangu na kumwacha pale kwenye foleni. Nilikuwa na mgonjwa saa nane, mama wa watoto watatu, na nilitaka kuwahi kumwona kabla hajapewa nusukaputi.